Hayupo

Mwalimu Fidea Nanguka, darasa la kwanza.
Miaka thelathini na minne, darasa la kwanza lilelile,
chumba cha mwisho upande wa vyoo,
hapa Kitangari, ambako asubuhi za Juni
ukungu huingia darasani bila hodi
na mtoto wa dawati la nyuma humwoni, unasikia kikohozi.

Wenzake walipanda. Mmoja mkaguzi, mmoja diwani,
mmoja kafungua duka la salfa na mabomba ya kupulizia.
Yeye alibaki na a, e, i, o, u.
Kila Januari alianza upya kama mtu aliyesahau yote,
akishika vidole vya watoto hamsini
na kuvikunja juu ya penseli, kimoja kimoja,
vingine vikiwa bado na makovu
ya mafuta ya ganda la korosho.

Sikuwa mwanafunzi mzuri. Niseme hilo mapema.
Mwaka ule baba alipovuka Ruvuma asirudi,
mama alinipa mzegazega na ndoo mbili.
Nikawa nashuka bondeni alfajiri, napanda jua limekwisha kuwa kali,
nauza maji kwa wenye nyumba za bati.
Njia yangu ilipita nyuma ya darasa lake.
Nilimsikia akiita majina.
"Mfaume Chinduli?"
Darasa zima: "Hayupo!"
Naye hunyamaza kidogo,
kama anayesubiri maji yatulie mtungini,
ndipo aite jina linalofuata.

Mwalimu mkuu alimwambia anifute. Siku tisini za utoro zimepita.
Akajibu kwamba rula yake imepotea,
na yeye hakati jina la mtu kwa mstari uliopinda.

Niliporudi nilikuwa mrefu kuliko dawati.
Hakunichapa. Alifungua daftari la mahudhurio,
akaweka kidole kwenye sifuri ya kwanza, nyekundu,
akasema: "Hesabu."
Nilikwama kwenye ishirini. Akanipa ishirini na moja.
Tulifika mia moja themanini na saba
jua likiwa utosini, na mimi
nilikuwa nimejifunza kuhesabu
kwa siku ambazo sikuwepo.

Leo ni karani wa mizani, chama cha msingi.
Oktoba wakulima hupanga foleni na magunia,
na wengi hawanitazami mimi, wanatazama mshale.
Bibi Somoe, asiyeandika zaidi ya jina lake,
alimgomea mnunuzi wa kangomba mchana kweupe:
"Hilo bakuli lako si kilo. Ni kilo na robo. Nimelipima kwa mchele."
Alifundishwa wapi? Jioni, elimu ya watu wazima,
koroboi moja, watu tisa,
Fidea akiwa na mimba ya Ditram, miguu imevimba.

Alistaafu. Mafao yalichelewa miezi kumi na minane.
Yeye hakusimulia; viatu vyake vilisimulia.
Akaja mizanini na kilo kumi na moja
za mikorosho minne ya nyuma ya nyumba.
Nikamwandikia stakabadhi, tarehe saba Novemba.
Akavaa miwani, akatoa pochini kalamu nyekundu (bado anayo!),
akanirudishia karatasi.
"Saba yako ingali inalala, Mfaume. Isimamishe."
Foleni nzima ilicheka. Niliandika upya.

Tulimzika Machi, tope likiganda kwenye majembe.
Diwani alisema taa, akasema mshumaa, akasema tena taa.
Mimi nilitazama mikono ya waliokuwa wakifukia.
Ile mikono yote aliwahi kuishika.

Juzi mwenyekiti kaleta orodha ya wanachama.
"Waliokufa wafute. Msimu unafunguliwa."
Nimefika namba mia mbili na sita.
Rula ipo hapa mezani.
Nimenyamaza kidogo.
Kisha nimechora sifuri mbele ya jina lake,
ya mviringo, iliyosimama vizuri,
nikaenda kwa jina linalofuata.